Nyuso Zetu: Nani Kasema Hazichoreki?

Mwezi uliopita nilialikwa harusini Mautuma, huko Lugari, katika Kaunti ya Kakamega. Kwa mtu wa pwani kama mimi, safari hiyo si haba. Ukitoka Mombasa jioni, alfajiri inakukuta Nairobi, mchana uko Bonde la Ufa unatetemeka kwa baridi, na ukishuka Turbo bado hujafika. Kuna bodaboda inakungoja, na mvua ikiwa imenyesha, Mungu ndiye ajuaye utafika na suruali ya rangi gani. Nchi yenyewe ni ya mahindi. Ni ardhi iliyokuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu, ikagawiwa wananchi katika miaka ya 1960, na kwa hiyo utamkuta hapo Mmaragoli, Mbukusu, Mtiriki, Mkabarasi na wengine wengi, kila mmoja na lafudhi yake, wote wakinunua chumvi duka moja.

Harusi ilikuwa njema, tukala, tukashukuru. Lakini si ya harusi ninayotaka kuyasema leo. Nataka kusema habari za picha mbili nilizoziona sokoni, zote mbili kazi ya mkono mmoja.

Picha ya kwanza ilikuwa kwenye kibao cha kinyozi. Vichwa vinne vya wanaume, kila kimoja na mtindo wake wa kukata nywele. Wote wanne walikuwa na pua nyembamba zilizonyooka, midomo myembamba, na ngozi ya rangi ya ndizi mbivu. Chini ya kibao, kwenye benchi, walikaa vijana watano wakingojea zamu zao, na hapana hata mmoja aliyefanana na wale wa juu, si kwa pua, si kwa rangi, si kwa umbo la kichwa. Nikamwuliza kinyozi kama amepata kumnyoa mtu mwenye kichwa kama kile cha tatu. Akacheka sana. Akaniambia, "Mzee, hao ni watu wa majuu. Mteja anapenda kuonyeshwa kitu cha majuu."

Picha ya pili ilikuwa ukutani mwa kisiagi cha mahindi, hatua chache tu kutoka hapo. Bibi kizee amefunga kitambaa cha manjano. Mdomo umefunuka kidogo, na pale ulipofunuka unaliona pengo la meno ya chini, yale yaliyokuwa yaking'olewa zamani kwa makusudi na kuhesabiwa kuwa ni adabu na ni urembo. Mashavu yameingia ndani. Ngozi ni nyeusi, nyeusi ya udongo uliolowa mvua, na yule mchoraji amehangaika nayo mpaka akaupata mwanga wa asubuhi ukiwa umekaa juu ya mfupa wa shavu. Nilisimama hapo hata mwenye kisiagi akadhani nina gunia la kusaga.

Nilipouliza, nikaambiwa huyo ni mama yake mwenye kisiagi, yu hai, na kwamba picha yake imeleta maneno nyumbani. Mtoto wa kiume ndiye aliyetaka ichorwe. Mabinti walipokuja kutoka mijini wakasema mama yao ametukanwa mbele ya watu. Wanataka pengo lizibwe, makunyanzi yapunguzwe, na rangi "isafishwe." Ni neno hilo la mwisho, wasomaji wapendwa, lililonikalisha chini kuandika makala haya. Kinachosafishwa ni kitu kichafu.

Tusiwacheke mabinti wale. Kasumba hii tumenyweshwa sote, na wengine wetu tumeinywesha kwa wengine. Mimi ni mmoja wao. Sisi washairi wa pwani, tangu enzi za wazee wetu, tukitaka kumsifu mwanamke tunayo maneno yetu tayari kama vyombo vilivyopangwa kabatini: nywele za singa, pua ya upanga, meno ya lulu, na rangi, tukijitahidi sana kushuka, basi ni ya maji ya kunde. Nimetunga nyimbo za harusi nyingi, nikalipwa na nikashangiliwa, na ndani yake kila bibi harusi alikuwa na singa, hata wale niliowajua kwa macho yangu kuwa hawana. Mama yangu mzazi nywele zake zilikuwa za kipilipili, na pua yake ilikaa usoni pake kwa raha zake bila ya kunyooka kwenda po pote. Nilimtungia beti za kusifu uvumilivu wake, uchaji wake na mkono wake wa kupika. Sura nikairuka. Wala hapana aliyeniuliza kwa nini nimeiruka, kwa sababu wote waliosikia walikuwa wakiiruka pamoja nami.

Najua yupo ndugu atakayeniandikia kunikumbusha mambo ya chuoni. Kweli, katika chuo nilichosoma tulifundishwa kwamba malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye picha za viumbe, na mwalimu wetu aliyasema hayo akiwa na bakora mkononi, kwa hiyo hayakupotea. Ndiyo sababu mafundi wetu wa Lamu na Siyu walimimina ustadi wao wote katika milango, zidaka na vitanda, wakachora maua na misumeno na minyororo, na uso wa mtu usiuone. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya jambo hili kwa karne nyingi, na mimi si mufti. Nasema tu kwamba leo hakuna nyumba ya Mombasa isiyokuwa na picha ya harusi ukutani, kitambulisho mfukoni na televisheni sebuleni. Picha tumekwisha kuziingiza. Lililobaki ni kuuliza ni picha za nani.

Na hata zamani, uso wa mtu wa pwani ulichorwa pale ulipokuwa na cheo. Mwaka 1840 Sayyid Said bin Sultan, aliyekuwa akitawala Oman na Zanzibar, alipeleka jahazi lake liitwalo Sultana mpaka New York, likiwa na karafuu, pembe za ndovu na tende. Lilifika tarehe 30 Aprili. Mjumbe wake alikuwa Ahmad bin Naaman, na wakubwa wa mji ule walimpokea kwa heshima, wakaamuru achorwe. Mchoraji akawa Edward Mooney, na picha ikabaki Marekani, mtu wa kwetu na kilemba chake na ndevu zake. Fikiri maana yake: wakati huo majimbo ya kusini ya nchi hiyo yalikuwa yakiuza na kununua watu weusi kama ng'ombe, na Zanzibar nayo ilikuwa na soko lake la watumwa ambalo hatupendi kulizungumza. Katikati ya hayo, mtu mmoja kutoka bahari yetu akakaa kitini na Mmarekani akamwangalia usoni kwa muda mrefu. Lakini alikaa kwa sababu alikuwa mjumbe wa Sultani. Mabaharia waliovuta kamba kutoka Zanzibar hadi huko, nyuso zao sijapata kuziona po pote.

Kuna picha nyingine, kongwe zaidi, ambayo ningependa kila mwalimu wa sanaa aitundike darasani. Diego Velázquez, mchoraji wa mfalme wa Uhispania, alikuwa na mtumwa aitwaye Juan de Pareja aliyemsaidia kazi. Mwaka 1650, wakiwa Roma, alimchora. Hakumchora amebeba sinia, wala nyuma ya kiti cha bwana, kama ilivyokuwa desturi kuwachora watu weusi pembeni mwa picha za wakubwa. Alimchora peke yake, kifua mbele, ukosi mweupe, macho yakimtazama ye yote aliyesimama mbele yake kana kwamba yeye ndiye anayeuliza swali. Mwaka huo huo Velázquez alitia sahihi hati ya kumwacha huru, ingawa uhuru wenyewe ulicheleweshwa miaka 4. Pareja naye akaja kuwa mchoraji. Sisemi picha ndiyo iliyomkomboa. Bwana aliyemwangalia hivyo alikuwa bado ni bwana. Lakini naamini ni vigumu kumpima mtu kivuli kwa kivuli, mfupa kwa mfupa, siku baada ya siku, kisha uendelee kumwona ni chombo.

Turudi kwetu Kenya. Mtu aliyechora nyuso nyingi kuliko wote katika nchi hii alikuwa mgeni, Joy Adamson, yule yule wa simba Elsa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuzunguka nchi na kuchora watu wa makabila mbalimbali kabla mavazi yao ya asili hayajatoweka. Alizunguka miaka, akachora mamia ya picha, nyingine zikaingia katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya watu wa Kenya, na nyingine zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Mkono wake ulikuwa mzuri, nami simnyimi haki yake. Wazee aliowachora wana haiba, na hawaombi huruma ya mtu. Hata hivyo, ukizitazama kwa wingi unagundua kwamba aghalabu mtu ametambulishwa kwa kabila lake na shanga zake kuliko kwa jina lake. Amewekwa kama kipepeo katika sanduku la kioo: huyu wa aina hii, yule wa aina ile. Ni heshima, lakini ni heshima ya kabati.

Elimo Njau, mwana wa Kilimanjaro aliyesomea Makerere na baadaye akaanzisha Paa ya Paa Nairobi, alikwenda njia nyingine. Mwaka 1959 alichora picha 5 kubwa katika kanisa la Murang'a, habari za Nabii Isa tangu kuzaliwa hadi mateso kama Wakristo wanavyoziamini, na watu wote ndani yake akawafanya Waafrika, katika vilima na migomba ya hapo hapo. Sisi Waislamu hatuwachori Mitume, na sitaingia katika hilo. Linalonihusu ni wale waliokuwa wakiingia kanisani humo. Walikuwa wametoka katika miaka ya Hali ya Hatari, miaka ya vijiji vya kufungiwa na vipande vya kitambulisho, miaka ambayo uso wao ulitazamwa na askari tu, kwa tochi. Wakainua macho ukutani wakakuta kwamba watakatifu wana pua zao. Jambo hilo linaingia ndani ya mtu bila ya hotuba.

Mtu ataniuliza: kuna haja gani ya brashi siku hizi, na kila kijana ana simu yenye kamera? Swali zuri, na jibu lake ni refu kidogo. Kamera haikuzaliwa na haki. Kwa miaka mingi filamu za picha za rangi zilisawazishwa kwa kadi zilizokuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo ziliitwa kwa jina la kike, Shirley, na rangi ikitoka vizuri juu ya Shirley, basi imetoka vizuri. Mtu mweusi alitoka kama kipande cha usiku chenye meno. Wazee wenzangu mnazikumbuka picha zetu za shule: unamtambua rafiki yako kwa mahali aliposimama. Hata kalamu za rangi za watoto zilikuwa na ubaguzi wake. Kampuni ya Crayola ya Marekani iliiita rangi moja ya waridi iliyopauka kuwa ndiyo rangi ya nyama ya mwili wa mtu, mpaka mwaka 1962 ilipoibadili jina na kuiita ya tunda la pichi. Na simu za leo? Nyingi zina kitu ndani yake cha kulainisha uso, nacho kwa kawaida hulainisha kwa kuelekea upande ule ule, weupe kidogo, pua nyembamba kidogo, kidevu kidogo. Binti anajipiga picha akiwa yeye, anatuma akiwa mwingine, halafu anarudi dukani kutafuta mkorogo ili afanane na picha aliyotuma. Zebaki iliyomo katika baadhi ya madawa hayo haijui kama unakwenda harusini. Inaingia katika figo.

Mwenye brashi hana kadi ya Shirley. Rangi ya ngozi haiuzwi katika kopo. Lazima aichanganye mwenyewe, na ili aichanganye lazima aitazame. Kijana wa Mautuma aliniambia kwamba kwa uso wa yule bibi alitumia nyekundu, buluu, manjano, na nyeusi kidogo sana, "kwa sababu mzee, nyeusi ya kopo imekufa, na kukhu hajafa." Sentensi hiyo sijaisikia kwa wahakiki wenye digrii.

Pengine mfano ulio mkubwa zaidi katika siku zetu ni ule wa Washington, tarehe 12 Februari 2018, zilipofunuliwa picha za Barack Obama na mkewe Michelle katika jumba la taifa la picha za watu mashuhuri. Kehinde Wiley alimchora mume amekaa katikati ya majani na maua. Miongoni mwake kuna maua ya buluu ya Kiafrika kwa ajili ya Kenya alikotoka baba yake, na kutoka Mautuma hadi kwa jamaa zake kule Siaya si safari ya kutisha. Amy Sherald alimchora mke, na ngozi akaitia rangi ya kijivu, kama anavyofanya katika picha zake zote za watu weusi, ili mtazamaji asipate nafasi ya kupima nani mweusi zaidi na nani mweupe zaidi. Wengine walinung'unika kwamba hafanani. Lakini baada ya wiki chache ilienea picha ya mtoto wa kike mwenye umri wa miaka 2, amesimama chini ya picha ile, amepigwa na bumbuazi, kinywa wazi. Mtoto yule hakuwa amesoma uhakiki wo wote.

Sasa tutazame kuta zetu wenyewe. Ingia duka lo lote la Mautuma, au la Mwembe Tayari kwetu Mombasa, uhesabu nyuso. Utamkuta Rais katika fremu yake, mahali pa juu. Nimekua nikiwaona wakipokezana msumari ule ule, na hilo ni desturi ya adabu, sina ugomvi nalo. Kila uchaguzi ukikaribia huongezeka nyuso za wagombea, zimebandikwa hadi kwenye miti, wote wamenona na wote wanacheka. Barabarani matatu hupita na wanamuziki wa Marekani na wachezaji wa mpira wa Ulaya, wamepakwa kwa ustadi ambao ungeweza kuingia jumba lo lote la sanaa. Nje ya hao, uso wa mwananchi wa kawaida huonekana ukutani mara mbili: akipotea, na akifa. Ndipo familia hutafuta picha, nayo haipatikani ila ile ya kitambulisho.

Inafaa tukumbuke kwamba taifa hili limekwisha kulitafakari jambo la uso na thamani, na likaliandika katika sheria. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 231, inakataza sura ya mtu binafsi kuwekwa katika noti na sarafu zetu. Sarafu mpya za wanyama zikatoka mwaka 2018, noti zikafuata mwaka 2019, ingawa watu wakaenda mahakamani kwa sababu ya sanamu ya Mzee Kenyatta inayoonekana mbele ya jumba la mikutano. Wananchi walisema: thamani ya shilingi isitegemee uso wa mkubwa mmoja. Vema. Lakini ule mlango mwingine hatukuufungua. Hatukusema ni nyuso zipi sasa zipewe nafasi iliyoachwa wazi.

Na wachoraji tunao. Nchi hii imekuwa ikiwatoa katika vibao vya maduka kwa muda mrefu. Joseph Bertiers alianza kwa kuchora mabango ya baa na maduka kule Dagoretti kabla kazi zake hazijatafutwa na wageni. Kikundi cha Maasai Mbili cha Kibera kilianzishwa na wachoraji mabango wawili mwaka 2001. Sane Wadu alikuwa mwalimu. Alipoiacha chaki akashika brashi watu wakasema amerukwa na akili, naye akajipa jina hilo la Sane, maana yake kwa Kiingereza ni mwenye akili timamu, akalitumia mpaka leo. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na ambaye picha zake zimetundikwa katika majumba makubwa ya Ulaya, alipopewa nafasi huko Munich na baadaye London mwaka 2021 hakujionyesha peke yake. Aliwaingiza pamoja naye wachoraji waliomtangulia wa Afrika Mashariki, watu wa picha za binadamu, na kisha maonyesho yao yakaja Nairobi kwa jina la Mwili, Akili na Roho, katika nyumba ya sanaa aliyoianzisha. Jina la Kiswahili, nafurahi kusema, na halikutafsiriwa vibaya kama yatafsiriwavyo mengi.

Lakini Nairobi ni Nairobi. Bibi wa kisiagi hatakwenda huko. Wala sitaki apelekwe, kwa maana ipo hatari nyingine ambayo lazima niitaje ili nisiwadhulumu wale mabinti. Wapo wanunuzi wanaopenda makunyanzi yetu kwa sababu yanauzika. Mzee asiye na meno, mtoto mwenye kamasi, mama mwenye kuni mgongoni: hizo ni picha zinazokwenda haraka kwa watalii, na anayezinunua hasemi "mtu huyu ni mzuri," anasema "umaskini huu ni mzuri." Pengine mabinti wale wameona biashara hiyo mjini na ndiyo wanayoiogopa. Tofauti baina ya kumheshimu mtu na kumwuza ni nyembamba sana, na katika ukuta wa sokoni haionekani kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo, kwa mshangao wangu, katika ugomvi wote ule lilikuwa halijafanywa na mtu. Nilikwenda kumwuliza mwenye uso. Nilimkuta uani anapeta maharagwe. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia, akanipa kigoda. Akanieleza kwamba alikaa asubuhi mbili, kijana akimchora, na kwamba hajatazamwa muda mrefu hivyo tangu mumewe alipofariki. Pengo je? Akasema pengo lake lilimuuma alipolipata, na hakulia, na wenzake wakamsifu. Sasa kwa nini lizibwe? Jambo moja tu lilimkera. Kitambaa. Kijana amekichora chakavu, naye anacho kingine kipya. Kuhusu mabinti zake alicheka kidogo, akasema, "Mwanangu, hao wanaogopa. Wakiniangalia wanaona wanakokwenda."

Hebu tufikiri pia mahali penyewe. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na kuingia mwaka 2008, sehemu hizi za Lugari na Turbo ziliwaka. Watu walihama na magodoro vichwani, na njiani uso wa mtu na jina lake vilisomwa kwa dakika moja, na dakika hiyo ikaamua. Waliokuwa wakinunua chumvi duka moja waligeuka kuwa aina: huyu wa aina hii, yule wa aina ile, kama katika kabati la makumbusho, ila bila ya heshima. Sidai kwamba kibao cha rangi kingezuia panga. Najua tu kwamba yule mchoraji na yule bibi si wa kabila moja, na kwamba walikaa asubuhi mbili kitini na kigodani, wakitazamana.

Ukurasa huu basi una ombi, nalo si la fedha nyingi. Shughuli za utamaduni ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba, na tangu mwaka 2013 kaunti zinazo bajeti zao. Kaunti ya Kakamega hutumia rangi kila mwaka kupaka zahanati, ofisi na masoko. Iongeze makopo machache. Iwaite wachoraji vibao wa kila wadi, iwalipe kwa kazi kama inavyomlipa fundi wa mabati, wachore watu wa wadi hiyo hiyo: mkunga, mzee wa mtaa, mwenye ualbino anayeuza mboga, kijana wa bodaboda, mwalimu mstaafu. Waulizwe kwanza wenye nyuso, na anayekataa aachwe. Na chini ya kila picha liandikwe jina la mtu, si kabila lake. Itundikwe pale watu wanapongoja, maana katika zahanati zetu kungoja ndiko kunakochukua siku nzima, na mgonjwa hana cha kutazama ila bango la kunawa mikono.

Na shuleni kadhalika. Tuliwahi kuiondoa sanaa katika mtihani wa darasa la nane, na somo lisilotahiniwa katika nchi hii hufundishwa kwa jina tu. Vipindi vyake vikaliwa na hesabu. Mtaala wa umilisi umeirudisha. Sasa mwalimu asiwape watoto kazi ya kunakili maua ya kitabuni. Awaambie wamchore bibi, au babu, au jirani. Mtoto atakayehangaika nusu saa na pua ya babu yake itamwia vigumu kuamini tena kwamba pua hiyo ni kosa.

Nitaambiwa kwamba Mautuma wana shida ya mbolea na bei ya mahindi, si ya picha. Nakubali shida hizo zipo, nimeelezwa usiku kucha na wenyeji wangu. Lakini watu hao hao wenye shida ya mbolea wananunua mkorogo, na wananunua nywele za dukani, na wanamlipa mchoraji awawekee Wamarekani kwenye kibao. Fedha ya urembo inatoka kila siku. Naomba tu sehemu yake ituguse sisi.

Siku ya kuondoka nilipita kumuaga yule kijana. Picha ya kisiagi ilikuwa haijaguswa. Mwenye kisiagi amelipa nusu, nusu nyingine inangoja mabinti na kaka yao wasikilizane. Kitambaa tu ndicho alichokuwa amekirudia, sasa kinang'aa. Kibao cha kinyozi kilikuwa kimeteremshwa kipakwe upya, na kichwa cha tatu kilikuwa kimefutwa. Akaniambia anataka kuweka mtu wa kweli mahali pake, na kama sina haraka, nikae. Nilifikiri bakora ya mwalimu wangu. Nilifikiri gari la Turbo. Nikakaa. Alinitazama kwa muda, akachovya brashi, akaitoa tena.

"Mzee," akasema, "kipara nacho nikitie? Ni kibao cha kinyozi."

Nikamwambia akitie.